Kuku wa Jirani na Sheria ya Sabato

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kiwandani, lakini moyoni alikuwa wakili. Nyumbani kwetu katika mtaa wa Tena, ghorofa ya kwanza, tulishika Sabato, na yeye ndiye aliyeamua kazi ni nini. Kupiga pasi, kazi. Kufunga kamba za viatu, si kazi, ila ukikaza fundo mara mbili unaanza kujitafutia dhambi. Kuwamiminia wageni chai ya thermos na kuosha vikombe baadaye, si kazi, ni ukarimu. Ukarimu huo ulikuwa wa mama peke yake.

Balaa ni kwamba miaka hiyo ya tisini maji ya mtaa yalikuja Jumamosi tu, siku yenyewe ya Sabato. Majirani wanakimbia na mitungi, sisi tumekaa tu, watakatifu wenye kiu. Baba aliumiza kichwa mpaka akapata njia: Ijumaa kabla jua halijatua, aliweka pipa chini ya mfereji wa jikoni na kuuacha wazi. Maji yakija, yamejileta yenyewe.

"Nani amefanya kazi hapo?" alituuliza, uso umemng'aa. Nani angefunga mfereji pipa likijaa, hilo halikumjia.

Jumamosi hiyo wazee wa kanisa walikuwa waje kwetu alasiri. Baba alikuwa amependekezwa kuwa mzee mwenzao, na desturi ilikuwa kumtembelea mtu kwanza, waone anavyoishi na watu wake. Aliutaka uzee huo vibaya sana. Alikuwa hata ameanza kukohoa kama wao.

Tulirudi kutoka ibadani, tukafungua mlango, maji yakatupokea. Malapa yalikuwa yanaelea sebuleni. Jirani wa chini alikuwa anapiga kelele kwenye ngazi: "Wee jirani, huku kwangu kunanyesha! Ama mnabatizana huko juu?"

Mama alifunga mfereji bila kuomba ruhusa, akashika tambara. Baba akainua mkono.

"Mama watoto, kupiga deki ni kazi. Tungoje jua litue."

"Na wazee?"

"Watakuta nyumba inayotii."

Nilimhurumia kwa kweli, amesimama na suti yake ya pekee, suruali inakunywa maji.

Mama alimtazama, akashuka ngazi, akarudi na kuku wa jirani kwapani. Akamtua majini katikati ya sebule. Kuku alipiga ukelele wa kuita polisi.

"Maskini," mama akasema, "mnyama ametumbukia shimoni siku ya Sabato. Maandiko yanasemaje?"

Baba aliujua mstari huo hata usingizini: unamwokoa. Akamwendea kuku. Mama akasimama mbele yake.

"Huyo ni kuku wa watu. Ukimshika ni kesi. Toa maji."

Sijawahi kuona mtu akifurahia sheria namna ile. Alivua viatu, akakunja suruali, akashika karai. Kila kuku aliporukia kiti, baba alisimama pale pale, karai mkononi, mpaka mama amrudishe majini.

Wazee waliingia kuku akiwa bado yumo. Baba akawaeleza yote, jasho linamtoka. Mzee mkubwa kuliko wote akainama, akamchunguza kuku kwa makini.

"Bado yuko hatarini?"

"Bado, mzee."

Akavua soksi. Wenzake wakavua zao.

Sakafu ilipokauka wakakaa, miguu mitupu, hakuna aliyetamka neno juu ya uzee. Baba akajikohoza.

"Mama watoto, chai."

Mama alikuwa ameketi, kuku mapajani, wote wawili wamechoka. "Leo ni Sabato," akasema.

"Lakini chai si kazi. Ni ukarimu."

"Vizuri. Basi wakirimu."

Wazee wakamgeukia baba. Alitafuta kifungu cha kumwokoa, nikaona macho yake yakizunguka chumba kizima hadi kwa kuku. Hakukipata. Akainuka, akamimina chai, ya mama pia, na walipomaliza kunywa akabeba vikombe kwenda kuviosha jikoni. Tulisikia vikigongana huko kwa muda. Halafu tukasikia sauti yake ya kutoa hukumu, ila ndogo kidogo:

"Kumbe hii ni kazi."

Mzee mkubwa akamwambia mama kwamba sasa baba yuko tayari kuwa mzee wa kanisa.