Filimbi Niliyonunua Lodwar

Leo nimesimamia watu Kakuma mpaka nikabeba magunia mwenyewe.

Mimi, mtu niliyefika hadi Mombasa, nilipuliza filimbi mpya ili wapakuzi waanze kushusha mahindi kwenye lori.

Hakuna aliyeinuka. Walikaa tu kwenye vigoda vyao.

Na lori likikosa msafara wa saa nane unaosindikizwa na polisi, kazi yangu imekwisha.

Ekai, mwenye mdomo kuliko wote, akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, bosi. Hiyo ni ya mbuzi. Sisi tuko na majina."

Wako kumi na wawili. Nilijua majina mawili, jamani.

Nikasalimia mmoja mmoja, nikauliza jina, nikaingiza bega chini ya gunia, nao wakainuka. Lori likawahi.

Wewe bosi unayesoma, watu wako unawajua wangapi kwa majina?

Filimbi nimempa Ekai. Mbuzi wake wanaitii sana.