Nyundo Haikugongwa

Hasira hii nimeibeba tangu Novemba na sina pa kuitua, kwa hiyo nivumilieni. Tak Gyeongran, mwenzangu wa kazi, si mtu wa makelele. Miaka yote tuliyoandika pamoja hati mkato Bungeni sikumsikia akipaza sauti. Wa kupaza sauti ni mimi, Bong Huisun, na wakubwa wananijua. Kazi yetu ni hii: mbunge akisema, vidole vyetu vinaandika. Akicheka tunaandika kicheko, akitukana tunaandika tusi. Tunapokezana, huyu anaandika na yule anapumzisha mikono chumba cha nyuma. Na tangu mafunzoni tumekaririshwa jambo moja ambalo hata usingizini hatulisahau: mikono haitoki kwenye mashine mpaka mwenyekiti agonge nyundo mara tatu. Nyundo ndiyo inafungua kikao, na nyundo ndiyo inakifunga.

Sasa bajeti ya nchi ina vituko vyake. Mchana kweupe wabunge wanabishana mbele ya kamera na kupiga meza, na mwananchi nyumbani anaona kodi yake ina walinzi. Mambo yakikaribia mwisho, nyundo inagongwa, sisi tunaambiwa, "Jamani mmechoka, nendeni mkanywe kahawa," halafu watu watatu wanne wanajifungia na ofisa wa Hazina. Humo hamna kamera wala mashine. Wabunge wengine wanapenyeza vikaratasi: nipe barabara, nipe uwanja, nipe mnara. Wakitoka, bajeti imebadilika na hujui nani kaibadili. Wao wanauita mkutano mdogo wa kamati ndogo. Mimi nauita wizi, na nimeshapewa barua ya onyo kwa kuuita hivyo.

Gyeongran kwao ni Wolmae, wilaya ya milimani. Mdogo wake, Gyeongsim, ana kijimkahawa cha tambi huko, na binti wa Gyeongsim, Boram, alikuwa na mimba ya miezi saba. Wodi ya wazazi ya Wolmae ilishafungwa zamani, kwa hiyo mwanamke akishikwa na uchungu anavushwa milima mpaka mjini, na kule kuna theluji na kona za kufa mtu. Mwaka huo, afadhali, fedha za kuifungua upya ziliwekwa kwenye bajeti. Kikao cha wazi nilikiandika mimi. Kamati nzima iliafiki, na mbunge wa Wolmae, Mheshimiwa Seok, aliwatetea wajawazito wake mpaka machozi yakamlenga. Machozi hatuyaandiki, bahati yake.

Siku iliyotuchoma, baada ya chakula cha mchana, zamu ilikuwa ya Gyeongran. Mwenyekiti alikuwa kashiba na kachoka. Akasema, "Basi, tupumzike kidogo," akasukuma kipaza sauti pembeni, watu wakatoka. Nyundo hakuigusa. Kasahau tu, mtu mzima wa miaka mingi Bungeni. Wakabaki yeye, Mheshimiwa Seok na ofisa wa Hazina, wakasogeza viti wakaanza yale yao ya chumbani. Gyeongran alikuwa kwenye kimeza chake, kichwa chini. Mwandishi haonekani bwana, ni kama kabati.

"Seok, ndugu yangu, nafasi ni moja," mwenyekiti alisema. "Wodi au daraja?"

"Daraja."

"Juzi si ulikuwa unaililia wodi?" ofisa aliuliza.

"Nililia ndiyo, kamera zilikuwepo. Wodi itazalisha watoto wangapi kwa mwaka? Daraja la kuning'inia watalii watakuja kupiga picha, na jina langu liko kwenye jiwe. Wanawake wa kule wamezoea safari. Mama zao walizalia shambani."

Wakacheka wote watatu. Gyeongran akaandika: kicheko.

Nilipoingia kupokea zamu, wale walikuwa wameshaondoka, na yeye bado mikono iko juu ya mashine.

"Dada, ondoka basi, kikao si kimeisha?"

"Nyundo haijagongwa," alinijibu.

Nilisoma kwenye skrini. Nilisoma mara ya pili, nikakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Mtu kaandika kwa mkono wake jinsi mtoto wa mdogo wake alivyobadilishwa kwa daraja, na hakukosea hata herufi.

Rasimu huwa inapelekwa kwa wabunge waihakiki. Neno lililoandikwa vibaya linarekebishwa, lakini lililosemwa haliondolewi, sheria ndivyo inavyosema. Kesho yake kabla ya mchana mkuu wa kitengo alikuwa ametuita, jasho linamtoka.

"Yale yalikuwa maongezi ya watu waliopumzika," alisema. "Hayahusiani na kikao."

"Watu waliopumzika hawauzi hospitali, bosi," Gyeongran alisema, polepole kabisa.

Mimi nilicheka, nikaambiwa nitoke nje.

Alasiri akaja msaidizi wa Seok kwenye chumba chetu cha chai. Kijana nadhifu, kanyoa vizuri, anainama kwa heshima mpaka unamwonea huruma. Alikuwa analijua hata jina la Boram.

"Mama, tuongee kama watu wa nyumbani," alisema. "Zile kurasa tatu zikipotea, Mheshimiwa anapenyeza kikaratasi, wodi inarudi. Daraja lipo na wodi ipo. Kura ni keshokutwa. Mpwa wako anajifungulia kwao, wewe unampikia supu ya mwani ya mzazi, kwisha."

"Hicho kikaratasi nani atakiona?"

"Hakuna. Ndiyo uzuri wake."

"Na mwakani wakiitoa wodi kwa kikaratasi kingine?"

"Mwakani ni mwakani, mama."

Nilitamani kummwagia chai ile usoni, na ilikuwa ya moto. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba alikuwa hadanganyi. Angeirudisha kweli. Wodi ya watu, haki ya watu, kodi ya watu, anaishika mfukoni kama pipi ya kumnyamazishia mtoto. Wakuibie, halafu wakuuzie ulichoibiwa, na bei iwe ni wewe usaidie kuficha wizi!

Gyeongran alikwenda kwenye ngazi akampigia simu mdogo wake. Alimweleza yote. Sauti ya Gyeongsim niliisikia kutoka nilipokuwa, maana alisema neno moja tu, akalirudia.

"Futa. Dada, futa."

Alirudi, akaketi, akaituma kumbukumbu kama ilivyo. Kisha akaingia chooni, na mimi nikasimama mlangoni nikawaambia watu kimeharibika.

Bajeti ikapita na daraja lake. Kumbukumbu zetu huwa zinachelewa kutolewa kwa wananchi, zikatoka wiki mbili baadaye. Magazeti yakapiga kelele siku mbili tatu, Seok akasema ulikuwa utani wa marafiki, mwenyekiti akainamisha kichwa mbele ya kamera akaomba radhi kwa "usumbufu uliojitokeza." Usumbufu! Gyeongran akahamishiwa stoo ya kumbukumbu, chini kabisa, eti apumzike macho. Fedha hazikurudi.

Januari Boram akashikwa na uchungu, theluji inaanguka. Gari la wagonjwa lilikwama mlimani nyuma ya lori lililopinduka, na mtoto akazaliwa humohumo ndani ya gari. Boram alivuja damu mpaka mjini. Walipona wote wawili, Mungu anajua vipi.

Boram alipotoka hospitali nilimpeleka Gyeongran Wolmae kwa gari langu, amepakata furushi la mwani mkavu. Kwenye njiapanda ya kuingia Wolmae nilikanyaga breki. Bango la kitambaa limetandazwa nguzo hadi nguzo, uso wa Seok unatabasamu: NILIIPIGANIA WODI YA WAZAZI HADI DAKIKA YA MWISHO. SITACHOKA.

"Twende, Huisun," Gyeongran alisema. "Yatazame ya mbele."

Gyeongsim alitupokea mkahawani bila kuitikia salamu.

"Umekuja kuandika?" alimuuliza dada yake.

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Kurasa tatu, dada. Kurasa tatu tu. Mwanangu kalowesha gari zima damu. Ungefuta, ungepungukiwa nini?"

"Alaumiwe aliyeuza—" nilianza mimi.

"Wewe nyamaza. Hujawahi hata kuzaa."

Nikanyamaza, na mimi si wa kunyamaza. Gyeongran aliweka mwani mezani.

Boram alitoka chumba cha ndani, anatembea kwa kushika ukuta, mtoto yuko mgongoni kwa bibi jirani aliyekuwa akimsaidia.

"Mama, lile bango la njiapanda umelisoma?"

"Nalipita kila siku. Unaulizia nini?"

"Lilitundikwa bajeti ilipopita, kabla kumbukumbu za kina mama mkubwa hazijatoka. Mimi nililisoma nikasema masikini, kajitahidi mtu wa watu. Nilikausha matunda nimpelekee zawadi, Mama, si unakumbuka? Uliniuliza ni ya nani." Alipumzika kidogo, pumzi zilikuwa hazimtoshi. "Gari la wagonjwa lilipita chini ya bango lile. Kama mama mkubwa angefuta, ningepewa kitanda, na ningekuwa namshukuru yule mtu mpaka nife. Na mtoto wangu ningemfundisha amshukuru. Na siku wakitaka daraja lingine wangenitoa kitandani, na mimi ningeendelea kushukuru."

Gyeongsim alivuta kiti akamwambia dada yake, "Kaa." Akamwekea bakuli la supu mbele yake, akachukua mkasi wa jikoni ule wa kukatia tambi, akatoka nje. Gyeongran hakuigusa supu, tukamfuata Gyeongsim wote.

Alipanda kiti cha plastiki chini ya nguzo ya lile bango, pale njiapanda. Muuza nyama wa jirani alitoka kumshikia miguu ya kiti, na wanawake waliokuwa sokoni wakasogea mmojammoja bila kuulizana. Kamba ya kwanza ilikatika, uso wa Seok ukajikunja nusu. Polisi kijana alikuja mbio akisema kwa adabu kwamba kuharibu bango la mbunge ni kosa, na kwamba itabidi aandike taarifa.

"Mwachie dada yangu aandike," Gyeongsim alimjibu akiwa juu ya kiti. "Yeye hafuti."

Akaenda kwenye nguzo ya pili.