Taa Iliyokuwa ya Nekesa

Harufu ya asidi ya betri ikinifikia popote, kwenye gereji au kando ya lori lililokwama, najiona tena mlangoni mwa nyumba yetu kule Huruma. Nina miaka kumi na mitatu, nimebeba betri kwa mikono miwili, namkabidhi Kevo wa kibanda cha video. Hakuninyang'anya. Aliomba, nikakubali. Nimezeeka sasa, na sijatamani kurudia siku yoyote ya maisha yangu ila hiyo, ili niseme hapana.

Tulikaa orofa ya nne, mimi, mama na dada yangu Nekesa. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, alifariki akatuachia betri kubwa tuliyosikilizia redio. Nekesa alifanya kazi katika kiwanda cha plastiki upande wa Baba Dogo. Alirudi jioni akinuka ndoo mpya, na mshahara wake ndio tuliokula.

Kati ya kiwanda na nyumba yetu palikuwa na mto, uliopita chini ya dirisha letu. Barabara ilizunguka mbali sana. Njia ya mkato ilipita juu ya nguzo mbili kuukuu za stima, zilizolazwa kuvuka maji. Mchana hata watoto walizipita mbio. Giza likiingia kila mtu alizunguka, na Nekesa alifika nyumbani miguu imevimba, akala huku anasinzia, tonge mkononi.

Basi nikaamua kumtengenezea taa. Fundi mmoja wa gereji alinipa taa ya mbele ya lori, nikaikalisha ndani ya karai nililolisugua kwa majivu mpaka nikaona meno yangu humo. Mota ya waipa, ile ya kupangusia kioo cha gari, ndiyo iliyoligeuza karai huku na huku, na vyote vilipata nguvu kwa waya kutoka kwenye betri ya baba. Tatizo ni kwamba taa ilikaa juu ya paa, na mwenye nyumba hakutaka kuona mtoto huko jioni. Nekesa akaniokotea kigari cha kuchezea kilichotupwa, magurudumu yamevunjika lakini rimoti nzima. Nilikipasua, nikaunganisha matumbo yake na waya zangu. Kitufe cha kwenda mbele kikawa cha kuwasha. Kile cha kushoto na kulia kikageuza karai. Vidole viliungua kwa risasi ya kuyeyusha ya kuchomelea waya, na mama akalalamika kwamba ugali unanuka moshi wa mitambo.

Jioni ya kwanza mwanga uliruka juu ya mabati yote ya bondeni. Mbwa walibweka mpaka Mathare. Mwanga ulimkuta mwanamume mmoja akijisaidia ukutani, akainua mikono yote miwili, akidhani ni polisi, huku suruali ikimteremka. Nekesa alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo tukawa na mchezo wetu. Alisimama ng'ambo akapaza ile sauti yake ya kwaya: "Washa, injinia!" Mimi dirishani nilinyamaza kwa makusudi, rimoti mkononi. Au nilimpigia kelele za utani, "Leo hakuna taa, lala huko huko!" Naye, ili kunikomesha, alikanyaga nguzo gizani. "Nishapanda! Nikianguka utamwambia mama nini?" Hapo niliwasha, mwanga ukatua miguuni pake, akavuka amenyoosha mikono kama anayecheza. Baada ya muda wanawake wote wa kiwandani wakaacha kuzunguka.

Mama hakupenda. "Wafula, siku taa ikikataa?"

"Haiwezi kukataa, mama," nilijibu, mdomo umejaa.

Kevo alikuwa na kibanda cha kuonyesha video. Alasiri moja ya Jumamosi stima ilipotea mtaa mzima, akapanda ngazi zetu mbio.

"Niaje, injinia. Nisaidie na hiyo betri. Watu wamejaa na picha iko nusu."

"Dada yangu anavuka saa moja."

"Saa moja iko mbali, boss. Nakurudishia mapema. Na wewe unakaa kiti ya mbele kabisa."

Kiti hicho cha mbele ndicho kilichoniponza. Nilifungua waya mwenyewe.

Picha ilikuwa tamu. Mvua ilipoanza kupiga mabati ya kibanda sikuijali, mpaka nilipochungulia nje nikakuta kumekuwa giza. Nikamwambia Kevo natoa betri. Watu wakanizomea. "Keti wewe, unatufunika!" Kevo akasema dakika tano tu. Nikakimbia nyumbani bila betri, nikitafuta tochi ya mama. Nilivuta kila kitu chini ya kitanda. Tochi niliipata, mawe yake yamekufa.

Ndipo nikasikia, "Washa, injinia!"

Mto ulikuwa umejaa, maji yakinguruma. Nilifika dirishani nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. "Nekesa, usivuke! Zunguka! Taa haipo!"

Alicheka. Nilimsikia akicheka. "Leo hunipati, Wafula. Nishapanda!"

Nilibonyeza rimoti. Nilijua haina kazi na bado nilibonyeza, mpaka kitufe kikazama ndani kikakataa kurudi. Kisha nikashuka ngazi zote nikiita jina lake, na nilipofika ukingoni nguzo mbili zilikuwa pale, zimelowa, na juu yake hapakuwa na mtu.

Walimpata kesho yake, mbali chini ya mto. Kevo alirudisha betri asubuhi hiyo, akaiacha mlangoni bila kubisha. Mama hakuniuliza hata siku moja ilikuwa imekwenda wapi. Alifua nguo za watu mpaka nikamaliza sekondari, na kila jioni alifunga pazia la dirisha lile kabla giza halijaingia.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu ni betri tu. Nilipokuwa na watoto wangu, wa kutaniwa na kubebwa, ndipo nilipoelewa lililobaki. Mimi ndiye niliyemzoesha giza. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba nikipiga kelele natania, na kwamba akishakanyaga, mwanga utakuja. Aliniamini mpaka hatua ya mwisho.

Nilitoa betri ili nikae kiti cha mbele, nitazame picha ambayo sikuiona mwisho wake. Dada yangu alikufa kwa sababu hiyo. Alikuwa na miaka ishirini.