Karatasi ya Jangwani Safari Hii Kampa Nani?

Admin, nisitirie jina langu, maana mji huu kila mtu shemeji wa mtu. Mie nna miaka arobaini na moja, wazee wangu walitoka Unguja, nimezaliwa na kuolewa hapa hapa Maskati. Ndoa yangu ina miaka kumi na sita na watoto wanne. Mume wangu anafanya kazi serikalini, mpole, hana makuu, lakini kila baridi ikiingia hupandwa na wazimu wa jangwa.

Yeye na wenzake watatu huchukua gari mbili wakashika njia ya mchangani mpaka Salala. Lami ipo, wao hawaitaki. Wiki mbili kabla, sebule yangu haipitiki: madumu ya maji, machepe, kamba, na ramani kubwa sakafuni ambayo hata mtoto akipita na chai anafokewa.

Huko simu ya mkononi haishiki. Kwa hiyo wana desturi yao. Kila mmoja huandika karatasi, njia watakayopita, watakapolala na siku ya kurudi, akamwachia mtu. Siku hiyo magharibi ikiingia na hawajapiga simu, mwenye karatasi anawaarifu polisi. Miaka yote karatasi ya bwana'ngu naishika mie. Naiweka kabatini chini ya birika la kahawa, naichunga kuliko dhahabu zangu.

Mwaka huu ramani nimeiona, madumu nimeyaosha kwa mikono yangu, karatasi kimya. Nikamuuliza, "Na karatasi yangu je?"

Akajibu huku anahesabu vigingi vya hema, hata hakuniangalia. "Safari hii usijisumbue. Nishampa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Wewe mwaka jana ulituaibisha."

Hapo niseme kweli yangu. Mwaka jana magharibi iliingia, simu hakuna, nikawapigia polisi kama nilivyoandikiwa. Wakatafutwa, wakakutwa kwa Mabedui wanakula mbuzi, hawana habari. Wenzake wakamcheka mwezi mzima ati mkewe kamtumia askari. Haya, aibu ilimpata, nakubali. Lakini si angeniambia tu, safari hii subiri mpaka asubuhi? Au basi angempa mamake, au kakangu. Wote nimewachimba kwa ujanja. Hakuna aliyepewa kitu.

Juzi gari ilikuwa gereji kule Ghala, akanipigia nimpelekee mulkia, kadi ya gari, ameisahau kwenye mtoto wa meza. Nikafungua, nikaikuta nakala ya karatasi, mwandiko wake. Pale chini, mahali pa jina langu, pana namba ya simu ya hapa hapa mjini. Jina hakuna. Astaghfirullah, mtu wa kumwokoa roho yake hana jina?

Sikupiga kwa simu ya nyumbani, mie si mjinga. Nilinunua kadi nikaenda kwenye kibanda cha simu karibu na duka la mikate. Ikalia mara mbili, ikapokewa na mwanamke. Kabla sijafungua mdomo akasema, kwa Kiswahili chetu kabisa cha Unguja, "Leo umechelewa kunipigia. Umeshakula?"

Nikakata. Kumbe namba ya kibanda kile anaijua, yupo anayempigia kutoka pale, na mimi kila jioni bwana'ngu ananiambia anakwenda kununua mkate! Nikampelekea mulkia yake, akanambia ahsante, nikamwambia karibu.

Wanaondoka Jumatano baada ya adhuhuri. Sijamwambia neno. Nikimuuliza sasa, ataingia jangwani na kichwa kimevurugika, na kule kosa dogo tu mtu haonekani tena. Nawaogopea wanangu. Nikinyamaza, nitamfungia chakula cha njia kwa mikono hii hii, nimuage, nifunge mlango. Labda ni ndugu nisiyemjua. Labda nakosea. Lakini ndugu gani anapigiwa kwenye kibanda?

Dada zangu, kaka zangu, nipeni akili, nifanye nini? Maana likitokea la kutokea, mie ntakuwa jikoni nampikia arudi ale, na yule mwenzangu keshajua kuwa mie ni mjane.