Uso Uliong'arishwa

Moza alizoea kuwang'arisha watu. Miaka tisa ndani ya kibanda chake cha picha pale Gerezani, hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba ametoka mweupe mno. Wengine huomba waongezewe! Basi Wilbert alipomletea picha ndogo ya zamani ya marehemu mama yake, nyeusi na nyeupe, mkono wa Moza ukafanya ulichozoea. Akaiskani, akapandisha mwanga usoni, akachapisha kubwa ya kuwekwa mbele ya jeneza.

Wilbert akaitazama muda mrefu. "Dada, huyu nani?"

Jamani! Moza alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Jeneza lilikuwa Ilala, nyumbani kwa Allan, kaka mkubwa wa Wilbert, na saa saba kamili gari lingeng'oa nanga kwenda kuzika Kibosho. Picha nyingine haikuwepo. Yule mama hakupenda kabisa kupigwa picha. Na katika msiba mzima, ndugu walimkabidhi Wilbert kitinda mimba kazi hii moja tu.

"Mama alikuwa mweusi," akasema. "Mweusi tii. Wakimwona huyu, wataniuliza tunamzika nani."

"Nisamehe, kaka. Narekebisha sasa hivi."

Akaurudisha weusi wote, akachapisha tena. Lo! Printa ikamwaga wino utadhani imetukanwa. Vitone vikavimba, vikakutana, vikalowana; macho, pua na mashavu vyote vikawa doa moja bichi. Moza akalipuliza doa lile, kana kwamba pumzi yake ingemrudishia mama wa watu macho. Karatasi nzuri ilikuwa imebaki moja.

Simu ya Wilbert ikaita. Sauti ya Allan ilisikika mpaka kwa muuza vipuri wa jirani. "Uko wapi wewe? Padri ameshafika!"

Wilbert akakata simu, akanyoosha mkono. "Nipe ile ya kwanza. Hivyo hivyo tu, dada."

"Hutoki nayo hapa!" Ukali ulimtoka bila kutaka. Hasira zake hazikuwa kwa mfiwa. Zilikuwa kwake mwenyewe, kwa huo mkono wake unaopaka watu mwanga bila kuuliza. "Nipe dakika ishirini."

Akaichukua ile picha iliyoharibika, akaigeuza juu chini, akairudisha printani ili kipande cha shavu tu kichapwe kwenye ukingo mweupe uliobaki. Akapunguza wino sehemu za giza, akachagua vitone vidogo kabisa. Kilipotoka, akakikagua kwa lenzi ya fundi saa. Bado vitone vilishikana. Akapunguza tena. Safari hii vikaachana mno, shavu likaonekana lina chunusi. Akarudisha wino nusu ya alioupunguza. Hapo weusi ukabaki weusi, lakini ndani yake mfupa wa shavu ukaonekana.

Saa saba kasoro dakika kumi. Ukingo wa kujaribia ulikuwa umekwisha. Moza akaweka karatasi ya mwisho, akabonyeza.

Vitone vidogo havitaki haraka. Kichwa cha printa kilipita na kurudi, kikapita na kurudi palepale. Paji la uso likatoka. Simu ikaita, Wilbert akaikata. Umeme ukikatika sasa, ndiyo basi tena. Yakatoka macho. Ikatoka pua. Simu ikaita, ikakatwa. Wilbert alikuwa ameinama, amekaribia kuigusa printa kwa uso wake.

Karatasi ikateremka yote. Alikuwa mama mweusi, mweusi hasa, ana mikunjo ya kicheko pembeni mwa macho, midomo kaibana asicheke mbele ya mpiga picha.

"Ndiye?" Moza akauliza kwa woga.

Siku tatu za msiba Wilbert hakutoa hata chozi. Sasa akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema, kisha akaketi sakafuni akalia kwa sauti.

Simu ikaita tena, jina la Allan likiwaka kwenye kioo. Moza akaiokota, akaipokea yeye.

"Kaka Allan, mngojeni kidogo," akasema. "Anakuja na mama."