Rais wa Watu Wengine

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipompenda rais wa nchi jirani. Nasema kumpenda kwa sababu sina neno jingine, na siku hizi nikilitamka halinisumbui.

Nilikuwa Mbale, mtaa wa Nabuyonga, kwa mama mkubwa. Nilikuwa nimemaliza shule na sina la kufanya. Baba alikuwa askari magereza Jinja. Yeye mtu wa kaskazini, mama yangu Mgisu, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili cha kota za askari, Kiswahili cha simama, leta, nyamaza. Ndiyo maana nilishtuka nilipomsikia yule mgombea wa ng'ambo ya mpaka redioni akiitumia lugha hiyohiyo kuwabembeleza watu. Alitania, aliomba, alituita sisi vijana. Mimi nilizaliwa nikakuta picha moja ya rais wetu kwenye kuta za ofisi, na baba aliikuta ileile alipoajiriwa. Yule wa ng'ambo aliposhinda, nilitembea mtaani kama vile kura yangu ndiyo iliyompitisha. Niliamini kwamba likiwezekana kule, na kwetu litavuka mpaka lenyewe, kama sabuni na mafuta ya kupikia yanavyovuka.

Baba naye alikuwa na lake. Magereza walikuwa wanaandikisha vijana, siku moja tu, naye alikuwa amenijazia fomu kwa mkono wake. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na akistaafu nyumba ya kota inarudi serikalini. Nikiingia mimi, tungebaki palepale. Alininunulia viatu vyeusi, akavipiga rangi mwenyewe, akaviweka chini ya kitanda changu Jinja. Kwenye simu aliniambia, "Saa mbili asubuhi mimi nangoja wewe geti. Usichelewe, mama."

Ikaangukia siku ileile ya kuapishwa kwa yule wa ng'ambo.

Begi nililifunga. Alfajiri mama mkubwa aliponiamsha niwahi basi, nikamwambia naumwa tumbo. Halikuwa linauma. Alipoondoka kwenda sokoni nikavuka barabara hadi duka la jirani yetu, Mwislamu mmoja muuza vitambaa aliyekuwa na televisheni juu ya kabati, nikakaa juu ya majora ya vitenge. Saa sita mchana, mle kwenye televisheni, mtu mmoja aliinuka kwenye kiti cha urais na mwingine akakaa. Basi, hakuna aliyekimbia. Nililia. Mwenye duka akanipa kipande cha kitambaa nijifute, akasema, "Dada, huyu si wenu." Nikamchukia siku nzima.

Baba hakunigombeza. Hata habari ya tumbo hakuuliza. Walipoandikisha tena nilikuwa nimevuka umri. Alistaafu, tukahamia vyumba viwili vya kupanga Wanyange, karibu na ziwa, nami nikaanza kuuza mukene, vile visamaki vinavyokaushwa juani. Viatu vilihama nasi, havijavaliwa. Naanika, nageuza, naanua. Sijutii sana wala sifurahi. Harufu nimeizoea.

Yule rais wangu naye akakaa akazoeleka. Juzi watu wake walikuwa barabarani wakimzomea, na baba akaniita kutoka uani: "Njoo, mutu yako anaongea." Humwita hivyo siku zote, bila kejeli. Nikakaa naye, mikono inanuka samaki, tukasikiliza redio. Sauti ileile, utani uleule. Nilijipekua moyoni nione kama kuna kitu, angalau hasira, nikakuta hamna.

"Ile siku aliapa muzuri," baba akasema.

Nikamuuliza alimwona wapi.

"Mimi sikuona. Geti tulikuwa na redio. Nangoja wewe tangu saa mbili, mpaka saa sita nasikia yeye naapa. Nikajua wewe uko wapi." Akapunguza sauti ya redio. "Nikasema, wacha asikie. Yeye bado mutoto."

Nilipaswa kulia hapo. Nikamwongezea chai, nikarudi uani kugeuza samaki upande wa pili.