Mary Wawili wa Ukoo wa Bi Edna

Siku hiyo niliondoka mjini Crystal, huku ughaibuni, kwa sababu ya ugomvi usionihusu. Bi Edna, mzee ninayemtunza, na dada yake Ruth wa mji wa Savage hawaongei. Ruth amepata cheti cha ubatizo cha nyanya yao, Mary, kutoka kijiji fulani Uingereza. Cheti kinamwongezea nyanya miaka miwili, basi Ruth anasema nyanya alidanganya umri maisha yake yote. Bi Edna alilelewa na huyo nyanya. Hata chakula hali vizuri.

"Mtoto wangu, nenda maktaba ya Maplewood ukaniangalizie madaftari ya kanisa la kijiji hicho," akaniambia. "Miguu yangu haiwezi."

Saa mbili asubuhi nikatoka. Mabasi matatu, theluji mpaka magotini, na basi la pili likanipita hivi hivi naliona.

Saa tano, Maplewood. Kwenye maktaba nikampata Elia, mwanafunzi Mtanzania anayefanya kazi hapo, nikamweleza ugomvi wote. Madaftari ya kanisa yamepigwa picha kwenye mkanda, unazungusha mashine mpaka macho yaume. Sikuelewa kitu. Kijiji kizima wanaume ni William ama John, vibarua wa shamba, mhunzi mmoja. Mwandiko ni kama kuku amepekua.

Mwishowe nikampata Mary. Miaka miwili mbele, Mary tena. Baba yule yule, mama yule yule!

"Si shida," nikasema nikivaa koti. "Hata kwetu Nyeri tuko na Wanjiru wawili nyumba moja. Nyanya zetu wote wawili waliitwa Wanjiru, kila mmoja akapata mjukuu wa jina lake."

"Sasa bibi yao ni Mary yupi?" Elia akauliza.

Nikaendelea kufunga vifungo.

"Wakenya mna haraka jamani! Vua koti, dada. Umesoma ubatizo tu. Mazishi je?"

"Basi langu linaondoka!"

"Liache liende."

Likaenda. Elia akabadilisha mkanda. Tukamwona: Mary wa kwanza, amezikwa, umri miezi minne. Kumbe mtoto aliyefuata alipewa jina la marehemu. Cheti cha Ruth kilikuwa cha huyo marehemu, si cha nyanya yao.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa Crystal. Nikamsomea Bi Edna.

"Miezi minne?" Akataka nirudie. "Nipe simu."

Nilidhani atamtukana dadake. Akasema tu, "Ruth, Nyanya hakudanganya. Kulikuwa na Mary mwingine. Mdogo sana."

Wakalia wote wawili.

Nyinyi wa nyumbani mnanijua na haraka zangu. Nilikuwa nimeshavaa koti, karibu nimletee Bi Edna nyanya aliyekufa hata meno hajaota. Siku hizi nikisoma waliobatizwa, nauliza kwanza nani alizikwa.